Hadithi ya Kumi na Mbili Iliyoshonwa kwa Uzi Mweusi

Matisi, Kitale
Jumamosi, nimetoka kazini sasa hivi

Mama,

Nimemaliza! Nimemaliza ya kumi na mbili, yote, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho, na hakuna mtu aliyenisaidia hata neno moja. Si Nekesa binti yako, si Nafula mjukuu wako. Na nimeisoma kimya. Ati mimi! Mimi ambaye nikisoma hata risiti ploti nzima ya wapangaji inajua nimenunua nini, nimesoma hadithi nzima ya Kiingereza midomo ikitikisika tu bila sauti. Nimeshindwa kungoja mpaka nioge. Unga bado uko kwenye nyusi. Nimechukua kalamu ya Nafula, nimeketi hapa mezani, upande wangu wa ukuta, nikuandikie wewe kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Nakuandikia kwa Kiswahili, usinikasirikie. Kiingereza changu cha leo nimekimaliza chote kwenye mistari miwili, na nitakuambia ni mistari gani. Acha kwanza nipumue.

Wacha nianze mwanzo. Najua mwanzo unaujua, lakini upande wangu wa mwanzo sikuwahi kukuambia, na wewe upande wako umeniambia leo tu.

Siku ile wazee wetu walipokuja kwako Kimilili kuzungumza mahari, nilikuwa nimevaa koti la kuazima na viatu nilivyovipiga brashi mara nne. Bado unga ulikuwa umebaki kwenye mishono. Nimesaga mahindi ya watu pale kisiagi cha Kiminini tangu nilipoacha shule darasa la sita, na unga wa kisiagi hautoki, unahamia tu. Wazee wakaingia sebuleni, mimi nikaambiwa ningoje nje. Jua lilikuwa kali, nikasogea kivulini nyuma ya nyumba, kando ya dirisha la chumba cha nyuma. Ndani mlikuwa wewe na walimu wenzako. Nikasikia sauti yako, ile ya kufundishia, ikisema sentensi moja ndefu ya Kiingereza. Nilishika neno moja tu, lile la gunia, kwa sababu tajiri wangu hulitumia kila siku. Kisha wenzako wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikaondoka pale dirishani.

Miaka kumi na miwili nimeibeba sentensi hiyo bila kujua inasema nini. Nekesa alikuwa jikoni, hakusikia kitu. Wengine ningewauliza vipi? Ningesema, samahani, naomba unitafsirie kicheko?

Na mila zetu zikanisaidia kuibeba. Kwetu mkwe hampi mama mkwe mkono, hali naye meza moja, haketi naye chumba kimoja. Mkikutana njiani mmoja wenu anaingia shambani kama mtu anayetafuta ng'ombe. Watu wakanisifu: mwangalieni Wafula anavyomheshimu mama mkwe wake, akisikia tu sauti yake amepotea! Mama, nusu ilikuwa heshima. Nusu nyingine ilikuwa hasira iliyovaa suti.

Halafu figo zako zikaanza kukusumbua, na kliniki ikawa hapa Kitale, mara mbili kwa wiki. Kulala kwangu usingeweza. Mama mkwe kulala kwa mkwe ni jambo la watu kushika vichwa. Nekesa akazunguka Matisi nzima, na chumba kilichopatikana kikawa hiki cha jirani, mlango kwa mlango na sisi. Landilodi wetu alijenga ukuta wa katikati akaishia kwenye linta, juu kidogo ya milango, dari hakuweka, kwa hivyo mabati ni ya wote na sauti ni ya wote. Ndugu zako wakaona mila imehifadhiwa. Mimi nikaona lile dirisha la Kimilili limehamishiwa kitandani kwangu.

Mwezi wa kwanza nilikanyaga kwa vidole ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nilinong'ona. Mashine ya kisiagi imeninyang'anya nusu ya masikio na kunipa sauti ya mtu anayeita watu ng'ambo ya mto, lakini nilinong'ona mpaka Nekesa akaniuliza kama kuna kitu nimeficha.

Kisha ikaja ile jioni ya kazi ya nyumbani. Nafula alikuwa gredi ya nne, na mwalimu wake alitaka mzazi amsomee mtoto hadithi fupi ya Kiingereza, kisha atie sahihi. Nekesa alikuwa mazoezi ya kwaya. Nikamwambia mtoto, ngoja mama yako. Akaniangalia. "Kwani wewe, baba, si mzazi?"

Hapo nilibanwa. Nikashika kitabu. Nilisoma kama gari lenye klachi mbovu: nashtuka, nazima, nawaka tena. Nafula akaanza kuchekea ndani ya mkono wa sweta. Na mimi nikikasirika sauti hupanda, unanijua, nikalipiga neno moja mara tatu kwa nguvu kama kwamba litalainika nikilitwanga. Halafu juu ya ukuta kukaja kikohozi. Kisha neno moja.

"Again."

Mama, nilitaka ardhi inimeze pale pale. Nikajua sasa yanakuja, gunia na kicheko chake. Nikangoja kicheko. Hakikuja. Ikaja sauti yako tena, taratibu: "Again, Baba Nafula. Soma mpaka kwenye nukta. Usisimame katikati ya barabara." Nikasoma tena. Nikakosea pale pale. "Again." Mara ya kumi na moja nikavuka! Nafula akapiga makofi, na upande wako nikasikia kiti kikisogezwa karibu na ukuta.

Kesho yake nikirudi kazini nikakuta daftari juu ya dramu la maji, lile lililo kati ya mlango wako na wangu. Ulikuwa umelifunika kwa gazeti. Ukabisha ukuta mara mbili. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo: unaweka daftari juu ya dramu, unaingia ndani, unabisha mara mbili, ndipo mimi natoka kulichukua. Nikimaliza nalirudisha vivyo hivyo. Mikono yetu haikukutana hata siku moja, lakini jalada lilichakaa pande zote mbili.

Hadithi kumi na moja, kwa mwandiko wako, ulizowatungia wanafunzi wako miaka yote ile. Kurasa mbili, tatu, basi. Hazikuwa na majitu wala sungura mjanja. Zilikuwa na watu. Mtu aliyechimba kisima akakitia kufuli, kisha nyumba ya jirani ikashika moto. Dada wawili wanaogombania blanketi la marehemu mama yao na hakuna hata mmoja anayelipenda. Fundi anayeziba mapaa ya kijiji kizima, na kwake mvua inaingia kwenye sufuria ya mboga. Nilizisoma nikawa nasema, lo, huyu si namjua? Huyu si alikuja kisiagi juzi?

Nilitaka uniambie maana ya maneno. Ukakataa katakata. "Usiniulize neno. Niulize mtu." Nisome mpaka mwisho, hata kama nusu siielewi, halafu nijibu swali lako, lile uliloliandika chini ya kila hadithi kwa wino mwekundu: huyu ni mtu wa aina gani? Na jibu liwe kwa Kiingereza, sentensi moja nzima. Jibu langu la kwanza lilichukua kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi. Nilikuwa nasaga huku natafuta sentensi, mpaka nikamsagia mama mmoja unga wa uji na yeye alitaka wa ugali. Alinifokea vizuri sana. Sikumsikia, nilikuwa natafuta kitenzi.

Kuhusu l na r zangu, ninavyozichanganya, ulikata tamaa mapema. Ulisema hata wewe zilikutoa jasho mpaka chuoni, na kwamba Mungu anatuelewa watu wa Bungoma.

Unakumbuka yule fundi wa mapaa? Nilikujibu kwamba huyu ni jirani yetu wa chumba cha mwisho, anayetengeneza redio za mtaa mzima na yake ameifunga kwa kamba ya mkonge. Halafu ukacheka. Mama, ulicheka! Nilisimama na daftari mkononi nikisikiliza kicheko chako kama mtu anayeonja mchuzi, nijue kama ndicho kile cha siku ile. Hakikuwa chenyewe. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba siku ile wewe hukucheka. Walicheka wenzako.

Na siku niliyogombana na sentensi moja kwa saa nzima, ukaniambia, "You are stubborn, Baba Nafula." Nikadhani nimetukanwa tena. Asubuhi nikalitafuta neno kwenye kamusi ya Nafula kwa siri, nikalipenda! Mpaka leo Nekesa akiniita mkaidi namwambia aseme kwa Kiingereza, ndivyo inavyonipendeza.

Ulipotimiza miezi minane hapa ulikuwa umechoka kabisa. Ndugu zako wakasema watakuja kukuchukua urudi nyumbani Kimilili. Jioni ya kuamkia siku ya safari daftari lilikuwa juu ya dramu. Nyuma ya hadithi ya kumi na moja kulikuwa na kurasa mpya, wino tofauti, mwandiko umelegea. Ulikuwa umezikunja na kuzishona ukingoni kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo kama ya sare ya shule. Juu yake umeandika kwa Kiswahili, nisije nikakosea: "Ya Baba Nafula. Asisomewe. Asome mwenyewe."

Asubuhi gari lilipokuja nilisimama ndani, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Nikaona pindo la leso yako likipita. Ukasimama. Ukabisha ukuta wangu mara mbili. Na mimi, Mama, mimi sikujibu. Sikubisha. Nilikuwa na mkono, na ukuta ulikuwa pale mbele yangu. Hilo linaniuma, wacha niliseme. Linaniuma sana.

Wiki tatu baadaye simu ikaja.

Siku ya mazishi tuliketi upande wa wakwe. Mpwa wako akasoma wasifu wako kwa Kiingereza, na unajua nini? Nilielewa! Nilielewa mpaka nikajua aliporuka mstari wa karatasi tuliyogawiwa. Nikamgusa Nekesa, nikamwambia, ameruka pale ulipohamishwa shule. Akanitazama machozi yakimtiririka, akacheka katikati ya kilio, watu wakageuka. Ninajivunia hilo, hata kama si mahali pa kujivunia. Lakini wasifu wenyewe, nikuambie ukweli? Ulikuwa mbovu. Ati ulipendwa na wote. Ati hukuwahi kumkosea mtu. Sasa huyo ni mtu wa aina gani? Mwanafunzi akikuletea hiyo si ungemrudishia na wino mwekundu?

Ya kumi na mbili sikuigusa. Miezi minne. Nekesa akiuliza nasema kazi ni nyingi. Uongo. Niliogopa. Kwa nini mtu ashone karatasi? Niliwaza kwamba miezi yote ile ulikuwa unanionea huruma tu, na sasa umeniandikia unavyonijua, umefunga, umeondoka. Tayari nilikuwa na sentensi yako moja nisiyoijua, sikutaka ya pili. Nikaliweka daftari juu ya kabati, chini ya Biblia. Nikilitaka kwa zile hadithi nyingine nalitoa kwa uangalifu, ile mishono yako isinikune kidole.

Kisha chumba chako kikapata mpangaji. Bi. Zuhura, mjane, anauza mandazi karibu na msikiti wa mjini. Wiki yake ya kwanza hapa nilikuwa namsomea Nafula ile ya kisima chenye kufuli. Nikafika pale moto unaposhika paa, Nekesa akatuita kula, nikafunga daftari. Ukuta ukabishwa. Mara mbili! Nafula alinishika mkono. Halafu ikaja sauti ya Bi. Zuhura: "Jirani, samahani sana. Kwani alikifungua ama hakukifungua?"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Kumbe alikuwa anasikiliza tangu Jumatatu! Kiingereza chake kilikuwa cha salamu na bei, mengine aliyadaka nilipokuwa namfafanulia Nafula kwa Kiswahili, na anasema amechoka kutabasamu tu watu wakizungumza juu ya kichwa chake. Sasa kila jioni akimaliza swala ya magharibi anasogeza kiti chake ukutani, pale pale ulipokuwa ukisogeza chako. Nimemsomea zote kumi na moja. Swali la wino mwekundu hujibu kwa Kiswahili kwanza, na majibu yake ni makali, ungempenda. Wale dada wa blanketi aliwamaliza kwa sentensi moja. Halafu namtaka aseme kwa Kiingereza. Akikosea namwambia lile neno. Unalijua.

Ni yeye aliyenibana. Jumapili iliyopita akasema, "Baba Nafula, si ulisema mwalimu aliandika kumi na mbili? Mimi nimehesabu kumi na moja." Mtu ambaye hakukuona hata siku moja anakungoja, na mimi uliyenifundisha nakukimbia. Jumatatu asubuhi nikatia daftari kwenye mfuko wa ovaroli, pamoja na wembe.

Nilichagua kisiagi kwa sababu saa ya chakula mashine ikizimwa wenzangu wote hukimbilia githeri. Nikabaki juu ya magunia peke yangu. Nikakata mishono yako, mmoja mmoja. Kurasa nne. Siku ya kwanza nilisoma nusu ukurasa, na kamusi sikuifungua. Nilijikumbusha: usiulize neno, uliza mtu. Mtu alikuwa mwanamke. Mwalimu. Ana binti aliyemsomesha kwa jasho lake. Nikasema, aha. Jumanne kijana akaingia kwenye hadithi, na koti lake si lake. Nikafunga daftari haraka, nikaenda kunywa maji. Jumatano sikusoma kitu. Nililibeba tu mfukoni mpaka jioni.

Alhamisi nikarudi. Na hapo ndipo ilipokuwa, Mama, katikati ya ukurasa wa pili, ndani ya alama za kunukuu. Ile sentensi yenyewe, kwa mkono wako. Mwanamke anawaambia walimu wenzake: nimemlea binti yangu miaka yote hii ili nimpe mtu asiyeweza hata kusoma maandishi ya gunia analobeba?

Niliumia, sitakudanganya, niliumia upya kabisa, kama kijana yule yule wa dirishani. Halafu, sijui ni nini kilinijia, nikatazama nilipokuwa nimekalia. Gunia. Na chini ya paja langu kulikuwa na maandishi ya kijani. Nimebeba magunia kama hayo tangu nikiwa mtoto, Mama. Nikasogea kando, nikainama, nikasoma. Uzito wake. Lilikotoka. Weka mahali pakavu. Usitumie kulabu.

Nimesoma yote! Kwa Kiingereza, bila kusimama katikati ya barabara! Nikarukia la pili, nikasoma. La tatu lilikuwa limelala kifudifudi, nikalipindua, nikasoma. Wenzangu wakarudi wakanikuta napindua mahindi ya watu, nacheka, na machozi yamefanya uji kwenye unga wa usoni. Mmoja akasema, "Huyu ameshikwa na jua, bana." Mama, kulabu! Vile vyuma vya kuvutia magunia, tajiri mwenyewe anazo nne ukutani, anatoboa magunia kila siku, na imeandikwa wazi mbele ya macho yake asizitumie!

Sentensi yako ilikuwa kweli siku uliyoisema. Sasa si kweli tena. Na aliyeifanya isiwe kweli ni yule yule aliyeisema.

Ijumaa na leo nimemalizia. Mwanamke wa hadithi aliona bega la koti kando ya dirisha. Aliliona kabla hajafungua mdomo. Ulijua niko pale! Akasema kwa Kiingereza ili lile bega lisielewe, wenzake wakacheka, kisha akaona bega linaondoka polepole, akajua limeelewa. Alitaka kuomba msamaha. Mila ikasema hapaswi kukaribiana na mkwe wake, naye akaishukuru mila, akajificha humo mwaka baada ya mwaka. Kumbe sote wawili! Mimi nikiingia shambani upande huu, wewe ulikuwa unaingia shambani upande ule, na watu katikati wanasifu heshima yetu. Hapo nilicheka peke yangu tena. Sasa nina jina la mwendawazimu pale kazini.

Halafu mwanamke anaugua, na juu ya ukuta anasikia mwanamume akimsomea mtoto wake, anakosea mara kumi na haachi. Msamaha wa Kiswahili ungekuwa rahisi, umeandika. Jioni moja tu, maneno machache juu ya ukuta, yakaisha. Lakini alikosea kwa Kiingereza na alitaka kutengeneza kwa Kiingereza, na mtu wa kutengenezewa alikuwa hajakijua. Basi akaanza kumfundisha. Hadithi kumi na moja, ili aweze kuisoma ya kumi na mbili.

Nimeandika hapo nikaweka kalamu chini kidogo. Sasa nimerudi.

Mwisho wa ukurasa wa nne, kwa wino mwekundu, swali letu: huyu ni mtu wa aina gani? Na mistari miwili mitupu. Na pembeni umeniagiza kwamba siku ya kukukumbuka niisome hadithi hii mbele ya watu, pale pale dirishani, kwa kuwa walicheka mbele ya watu.

Hapo nakukatalia, Mama. Ndiyo, mkwe anamkatalia mama mkwe, na aandike anayetaka kuandika! Mwezi wa nane tutakuja Kimilili kuweka msalaba kaburini. Nitamwambia Nekesa atie jina langu kwenye ratiba. Nitasimama mbele ya walimu wenzako wote, na nitasoma kwa Kiingereza, na kwa sauti ya kisiagi, wa nyuma wasipate taabu. Lakini nitasoma ya fundi wa mapaa, ile iliyokuchekesha. Hii ya mwisho hawataisikia. Waliocheka walisahau kabla jua halijatua, aliyekumbuka ni wewe. Uliniomba msamaha mimi. Nimeupokea, na nimekusamehe, na jambo limeisha hapa mezani. Si ulisema mimi ni stubborn? Basi.

Nekesa amechungulia sasa hivi, ameona nyuzi mezani, ameuliza hatimaye inahusu nini. Nimemwambia, mwanamke mmoja mkaidi. Amesema, "Aa, basi ni Mama," akarudi kukata sukuma wiki. Hakuuliza zaidi. Ni binti yako.

Ile mistari miwili nimeijaza. Kwanza niliandika kwamba ana kiburi, nikafuta. Kisha kwamba ni mwema, nikafuta, hiyo ni ya wasifu. Mwishowe nimeandika, kwa Kiingereza, herufi zimelala kidogo kwa sababu meza hii inacheza: huyu ni mtu aliyejiambia "Again" yeye mwenyewe.

Naona ni sawa. Kama si sawa, utaniambia tukionana, na sidhani huko mna kuta.

Kurasa zako nimezishona tena. Uzi mweusi nimeutoa kwenye kopo la Nekesa. Mishono yangu ni mikubwa mikubwa, ya kufungia gunia, ndiyo ninayoijua. Na nakuahidi kitu kimoja, kisha nikuache upumzike. Bi. Zuhura akiweza kusoma zote kumi na moja mwenyewe, ya kumi na mbili yake nitamwandikia mimi, kwa Kiingereza, kurasa mbili au tatu, na chini yake nitaweka lile swali kwa wino mwekundu. Itakuwa na mtu ndani yake. Bado sijajua nani.

Lala salama, Mama. Magharibi imeshapita, kiti cha upande ule kimesogezwa. Kabla sijafungua daftari nimeinuka nikabisha ukuta mara mbili, ile ya siku ya gari, niliyoshindwa kukujibu. Bi. Zuhura akaitika haraka, "Naam, jirani, niko tayari!" Nikamwambia angoje kidogo, hiyo haikuwa yake. Kisha nikabisha tena, mara hii kwa ajili yake.

Mwanafunzi wako,
Baba Nafula